Nina ngiri ya kitovu na nataka mtoto wa pili, nianze na kipi?

"Daktari naomba unisaidie. Nina miaka 32, nina mtoto mmoja wa miaka 3, nilijifungua kawaida. Nikiwa na mimba yake miezi ya mwisho kitovu kilitoka nje na tangu hapo hakijarudi vizuri, kuna kinundu kinatokeza nikisimama muda mrefu au nikimbeba mtoto, nikilala kinarudi chenyewe. Hakiumi sana ila siku nikifanya kazi nzito nasikia kinavuta. Nilipiga ultrasaundi wakasema ngiri ya kitovu, uwazi sentimita 1.5. Daktari wa kwanza akasema nifanyiwe oparesheni niwekewe wavu, wa pili akasema nizae kwanza. Ndugu wa mume wanasema nikibeba mimba na ngiri mtoto atabanwa, wengine wanasema ukishawekewa wavu huzai tena, na ukizaa ni kwa kisu tu. Mume wangu anataka tuanze kutafuta mtoto mwaka huu. Nianze na oparesheni au mimba? Na nikifanya oparesheni nisubiri muda gani?"

Pole dada yangu, na wala usijilaumu kwa kuchanganyikiwa, maana umeenda kwa madaktari wawili ukarudi na majibu mawili yanayopingana halafu nyumbani nako kila mtu ana lake. Nianze na jibu lenyewe ili usisome huku roho iko juu: kwa ngiri kama ulivyoieleza hapa, ndogo, inarudi ukilala, haikusumbui sana, mimi nipo upande wa yule daktari wa pili, zaa kwanza, ngiri itengenezwe ukishamaliza kuzaa. Lakini hilo lina masharti yake na nitayaeleza, kwa sababu kuna ngiri nyingine ambazo ningekwambia kinyume kabisa.

Na yule wa kwanza hakukudanganya. Kwa mtu mzima mwenye uwazi unaozidi sentimita 1, wavu (wengine wanauita meshi, ni kipande chenye matundu madogo kinachowekwa kuimarisha ukuta wa tumbo) unapunguza uwezekano wa ngiri kurudi ukilinganisha na kushona kwa nyuzi peke yake, hilo limethibitika vizuri. Ungekuwa umeshamaliza kuzaa ningekwambia uende kwake mapema iwezekanavyo. Kinachobadilisha hesabu ni huyo mtoto wa pili mnayemtaka mwaka huu.

Sasa tuelewane kwanza ngiri yenyewe ni nini, maana ukishaelewa hapo mengine yote yanafunguka. Misuli miwili mirefu ya mbele ya tumbo, mmoja kulia mmoja kushoto, haijaungana moja kwa moja, katikati yake kuna utepe wa nyama nyeupe ngumu usio na msuli wowote, unatoka chini ya kifua mpaka chini kabisa kwenye mfupa wa kinena. Kitovu kipo juu ya utepe huo, na pale ulipokuwa tumboni kwa mama yako palikuwa na tundu la kupitisha mishipa ya damu ya kutoka kwenye kondo. Ukizaliwa tundu linaziba kwa kovu. Kwahiyo kila binadamu pale kitovuni ana sehemu dhaifu, kwa wengi haileti shida maisha yote.

Mimba inapokuja mambo matatu yanatokea kwa pamoja. Mfuko wa uzazi unakua na kuvuta ule utepe kwa upana, homoni za ujauzito zinalainisha nyama zinazoshikilia viungo na ukuta wa tumbo ili mwili uweze kutanuka, halafu presha ndani ya tumbo inapanda mwezi hadi mwezi. Lile kovu la kitovuni likiwa dhaifu linafunguka, na kitu kilicho karibu kinachungulia hapo. Mara nyingi kinachotoka kwenye tundu dogo kama lako ni mafuta yanayofunika utumbo, siyo utumbo wenyewe, ndiyo maana unasikia kuvuta tu na huna matatizo ya tumbo. Wewe ulifunguka hivyo kwenye mimba ya kwanza, na baada ya kujifungua misuli ikarudi lakini tundu likabaki. Kwa mtu mzima tundu hilo halizibi lenyewe, na hakuna dawa ya kunywa, ya kupaka wala mazoezi yanayoliziba, yeyote anayekuuzia dawa ya kuyeyusha ngiri anakula hela yako bure.

Njoo kwenye hofu za nyumbani. Mtoto kubanwa na ngiri: haiwezekani dada. Mtoto yuko ndani ya mfuko wa uzazi, ukuta wa misuli mnene, na ndani ana maji yanayomzunguka, tundu la sentimita 1.5 kwenye kitovu halimfikii kwa namna yoyote. Tena kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui, mimba ikishakua mfuko wa uzazi unausukuma utumbo juu na pembeni, nyuma ya kitovu unakaa mfuko wenyewe, kwahiyo utumbo kunasa kwenye ngiri ya kitovu wakati wa mimba kubwa ni jambo la nadra. Utakachokiona ni kitovu kutokeza zaidi ya mara ya kwanza, ngozi yake kuwa nyembamba, labda kuuma kikiguswa na nguo. Inakera lakini siyo hatari yenyewe. Sisemi hatari ni sifuri, ngiri yoyote inaweza kunasa, na baada ya kujifungua tumbo likiwa limelegea utumbo unarudi mahali pake na nafasi ya kuingia kwenye tundu ipo, ndiyo maana dalili za hatari nitakazozitaja huko chini nataka uzijue wewe na mume wako pia.

Kuhusu wavu na kuzaa. Wavu unawekwa kwenye ukuta wa tumbo, hauna mawasiliano na kizazi, mirija wala mayai, kwahiyo hauzuii kushika mimba hata kidogo. Na kuwa na wavu siyo sababu ya kuzaa kwa kisu, wanawake wengi tu waliowekewa wavu kitovuni wanabeba mimba mpaka mwisho na kusukuma kawaida. Kilicho kweli kwenye hayo maneno ni hiki: nyama ya mwili inaota ndani ya matundu ya wavu na kushikana nao, na kipande hicho hakivutiki kama ngozi na misuli inayokizunguka, kwahiyo miezi mitatu ya mwisho baadhi ya wanawake wanasikia maumivu ya kuvutwa pale kwenye kingo za wavu. Kwa kawaida yanaisha baada ya kujifungua. Hayamdhuru mtoto. Ila kuna wanaoteseka nayo kweli na sitaki uyachukulie kwamba ni kitu kidogo.

Na ngiri haizuii mimba pia, hilo nalo nimelisikia sana. Kama mmetafuta mtoto mwaka mzima bila mafanikio mkapimwe wote wawili, msiisingizie ngiri.

Kwa nini basi nasema zaa kwanza. Sababu kubwa ni kurudi kwa ngiri. Fikiria ukishona kitambaa kilichochanika halafu siku chache baadaye ukaanza kukivuta pande zote kwa nguvu, uzi wenyewe haukatiki, unachana kitambaa pembeni ya mshono. Ndicho kinachotokea kwenye tumbo lililotengenezwa halafu likabeba mimba. Denmark wana rejista ya taifa ya oparesheni za ngiri, na walipowafuatilia wanawake waliotengenezwa ngiri za mbele ya tumbo, waliopata mimba baadaye ngiri ziliwarudia zaidi kuliko ambao hawakupata. Haimaanishi kila mmoja itamrudia, wengi haiwarudii, lakini hatari inapanda na unakuwa umelipa gharama ya oparesheni mbili badala ya moja. Na oparesheni ya kurudia ni ngumu kuliko ya kwanza, daktari anakuta makovu yameshikana, tundu limekuwa kubwa zaidi, wavu wa zamani upo njiani, na uwezekano wa kurudi tena unakuwa juu. Mimi kila nikipata nafasi ya kumfanyia mtu oparesheni moja tu ya ngiri maisha yake yote, nataka ile moja ifanyike kwenye tumbo ambalo halitavutwa tena.

Kuna sababu ya pili ambayo kwenye barua yako hukuigusa ila nahisi ipo. Baada ya mimba wanawake wengi ile misuli miwili ya mbele inabaki imeachana, ule utepe wa katikati umelegea na kupanuka. Ngiri ya kitovu ikikaa juu ya utepe uliolegea, kutengeneza tundu peke yake ni kushona kwenye nyama iliyochoka, nayo inarudi kirahisi. Unaweza kujiangalia leo usiku kitandani. Lala chali, kunja magoti, nyayo ziguse godoro, weka vidole viwili vya mkono juu kidogo ya kitovu, halafu nyanyua kichwa na mabega taratibu kama unataka kuangalia vidole vya miguu. Ukiona tuta refu linainuka katikati ya tumbo kuanzia chini ya kifua, na vidole vyako vinazama kati ya kingo mbili ngumu, misuli imeachana, na ikizidi upana wa vidole viwili hivi mwambie daktari. Ukiona kinundu cha duara palepale kitovuni tu, hiyo ndiyo ngiri. Wengi wana vyote viwili. Tofauti ni muhimu kwa sababu misuli kuachana peke yake hakuna kitu kinachoweza kunasa, ila ngiri kuna tundu lenye mdomo, na tundu dogo lenye mdomo mgumu ndilo linaloweza kukaba kuliko tundu pana, watu wanadhani ni kinyume chake.

Sasa masharti niliyoyasema. Ningekwambia ufanye oparesheni kabla ya mimba kama ngiri hairudi ndani hata ukilala, au imewahi kukwama ikakuuma sana mkahangaika kuirudisha, au maumivu yanakuzuia shughuli zako za kila siku, au ndani ya miezi michache imekua kwa kasi, au ngozi ya juu yake imekuwa nyembamba inataka kuchubuka. Hapo kusubiri miezi tisa ya mimba na mwaka mwingine wa kulea ni kucheza na hatari.

Na hapa nikae kidogo kwa ajili ya wasomaji wengine wenye uvimbe kwenye kinena, siyo kitovuni, maana barua yako itasomwa na wengi na kanuni ya kusubiri isije ikachukuliwa na asiyehusika. Kwa wanawake kuna ngiri inayotokea chini kidogo ya mkunjo wa kinena, pale paja linapoanzia, wanaume wanaipata mara chache zaidi. Tundu lake ni jembamba na gumu, na inanasa utumbo kuliko ngiri nyingine zote za eneo hilo. Kwa kupapasa kwa mkono hata daktari mzoefu anaweza kushindwa kuitofautisha na ngiri ya kawaida ya kinena, ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa ngiri za kinena uliotoka 2018 unashauri mwanamke asiye mjamzito mwenye ngiri ya kinena atengenezwe mapema, ikiwezekana kwa njia ya matundu madogo na kamera, maana kwa njia hiyo daktari anaona sehemu zote mbili kwa wakati mmoja. Kama una uvimbe wa kinena na unapanga mimba, usisubiri, nenda kwanza. Ila kama uvimbe wa kinena umeanza ukiwa tayari na mimba, usikubali kukimbizwa chumba cha upasuaji kabla ya kupigwa ultrasaundi ya kuangalia mtiririko wa damu, kwa sababu mara nyingi uvimbe huo ni mishipa ya damu iliyotanuka kwa ajili ya mimba, inafanana na ngiri kabisa, inatokeza ukisimama na kurudi ukilala, na baada ya kujifungua inapotea yenyewe bila kisu.

Turudi kwako. Tuseme umekaa na daktari mkaamua oparesheni itangulie, unasubiri muda gani? Watu wanajibiwa vitu tofauti kwa sababu hakuna tarehe moja iliyoandikwa kwa kila mtu, lakini mantiki yake ni ya kovu. Wiki za mwanzo mshono unashikiliwa na nyuzi tu. Kufikia miezi mitatu hivi kovu limepata nguvu karibu asilimia 80 ya nyama ya awali, na baada ya hapo haliongezeki sana na wala halifiki 100, ila linaendelea kujipanga na kukomaa mpaka karibu mwaka. Kwahiyo mimi nasema miezi 6 iwe ndiyo chini kabisa, na mwaka mmoja ni bora kama umri unaruhusu. Kumbuka pia mimba yenyewe hailivuti tumbo siku ya kwanza, mvutano mkubwa unakuja mwezi wa tano, wa sita kwenda juu, kwahiyo aliyeshika mimba miezi 6 baada ya oparesheni anakuwa na kovu la karibu mwaka tumbo linapoanza kuvutwa kweli. Ukishika mimba mapema kuliko hapo bahati mbaya, usitoe mimba kwa sababu ya mshono jamani, nenda kliniki useme tarehe ya oparesheni ufuatiliwe tu.

Kipindi chote hicho cha kusubiri mtumie uzazi wa mpango wa uhakika, siyo wa kuhesabu siku. Na siku ya oparesheni yenyewe upimwe mimba kwanza, usione aibu wala usikasirike wakikuuliza, ni kwa ajili yako.

Umri nao unaingia kwenye mizani. Wewe una 32, mwaka mmoja wa kusubiri hauharibu kitu. Mwenye miaka 38 au 39 mwaka mmoja ni mali, uwezo wa kushika mimba unashuka haraka zaidi baada ya 35, na huyo nikiona ngiri yake imetulia ndiyo kabisa namwambia mimba itangulie. Na upande wa nafasi kati ya watoto uko salama, Shirika la Afya Duniani linashauri angalau miezi 24 kutoka kujifungua mpaka mimba inayofuata na wewe umeshavuka.

Kama ngiri inakusumbua kiasi kwamba lazima itengenezwe sasa hivi, zungumza na daktari kuhusu kushona kwa nyuzi peke yake bila wavu, halafu wavu uje ukishamaliza kuzaa. Madaktari wengi wanafikiria njia hiyo kwa mwanamke anayepanga mimba, hasa tundu likiwa dogo. Unakubali uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi ili kukwepa wavu kwenye tumbo linalokwenda kutanuka. Ni biashara ya kupima na daktari wako akiwa na tumbo lako mbele yake, siyo ya kuamua kwa kusoma jibu langu.

Haya, tuseme umefuata nilichosema, umeanza kutafuta mtoto. Kabla hujashika mimba anza foliki asidi mikrogramu 400 kila siku, angalau mwezi mmoja kabla na mpaka wiki 12 za mimba, hiyo ni kwa kila mwanamke siyo kwa ajili ya ngiri. Kilo zikiwa zimezidi punguza sasa hivi, maana mafuta ya tumboni yanasukuma ngiri kila siku na hata oparesheni ya baadaye matokeo yake yanategemea sana uzito, uvutaji sigara na sukari. Kikohozi cha muda mrefu kitibiwe, choo kigumu kitibiwe, hivyo viwili vinapanua ngiri kimyakimya kuliko hata kubeba mizigo. Na ukishakuwa mjamzito utapewa vidonge vya kuongeza damu ambavyo kwa wengi vinafunga choo, usiache kuvinywa, sema kliniki upewe cha kulainisha, unywe maji ya kutosha, na chooni usikamie.

Mhudhurio wa kwanza kabisa wa kliniki sema una ngiri na waiandike kwenye kadi. Ukiamka kitandani geuka kwanza upande kisha jisukume kwa mikono, usinyanyuke kwa kukaza tumbo moja kwa moja. Ukikohoa au kupiga chafya weka kiganja kitovuni ukandamize kidogo. Mkanda laini wa ujauzito unaosaidia tumbo kutoka chini unaweza kukupunguzia kuvutwa, uvae mchana uvue usiku, usiwe wa kubana, na kamwe usiufunge juu ya ngiri ambayo haijarudi ndani. Huyo wa miaka 3 aanze kuzoea kupanda mapajani ukiwa umekaa, kumnyanyua kutoka chini kila saa kuachwe taratibu.

Dalili za hatari ndizo hizi na ndiyo sehemu ambayo naomba mume wako aisome mwenyewe. Kinundu kinakuwa kigumu na hakirudi ukilala, maumivu makali ambayo hayaachii, ngozi ya juu yake inakuwa nyekundu au inageuka rangi kuwa nyeusi, unatapika, tumbo linajaa na hupitishi choo wala ushuzi, au homa. Kwa mjamzito kutapika kunachanganya kwa sababu kichefuchefu cha mimba ni cha kawaida, tofauti ni kwamba kutapika kwa mimba kunakuja miezi ya mwanzo na ngiri inabaki laini kama siku zote, ila kutapika kunakoenda pamoja na kinundu kigumu kinachouma, mwezi wowote ule, hiyo ni dharura. Usikisukume kwa nguvu, usikandwe na maji ya moto, usile wala kunywa chochote, nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane. Utumbo uliokabwa unakosa damu na unaweza kufa ndani ya saa chache. Na hapo ikihitajika oparesheni ifanyike bila kuogopa, mjamzito anaweza kufanyiwa oparesheni ya dharura mwezi wowote, kuchelewa kunamhatarisha mtoto kuliko dawa ya usingizi. Kama si dharura ya dakika hiyo lakini haiwezi kusubiri mpaka ujifungue, kipindi kinachopendelewa ni miezi mitatu ya katikati.

Kujifungua. Ngiri ya kitovu siyo sababu ya kisu, tarajia kuzaa kawaida kama mara ya kwanza kama hakuna kitu kingine. Mwambie mkunga mapema, wakati wa kusukuma kiganja kikilazwa juu ya kitovu kwa utulivu kinasaidia, na kama dawa ya kupunguza uchungu ya mgongoni ipo inaweza kupunguza ile kusukuma kwa kupaniki. Ikitokea umefanyiwa upasuaji wa kujifungua kwa sababu nyingine utasikia watu wanashauri ngiri ishonwe hapohapo. Inawezekana na kwa tundu dogo wengine wanafanya, unaokoa dawa ya usingizi ya pili, lakini mimi siipendi kama mpango wa kwanza, tumbo siku hiyo limelegea kupita kiasi, homoni bado ziko juu, na kwa kawaida kinachofanyika ni kushona nyuzi kwenye nyama hiyo iliyovutika. Ngiri iliyonasa ni habari nyingine, hiyo inatengenezwa tu.

Baada ya kujifungua usikimbilie. Mpe mwili miezi 6 mpaka mwaka, misuli irudiane, kilo zipungue, mtoto apunguze kubebwa usiku kucha. Wengine ngiri inaonekana kubwa wiki za kwanza halafu inapungua, kwahiyo vipimo vya wiki ya pili visikutishe. Kunyonyesha hakuzuii oparesheni, dawa nyingi za usingizi na za maumivu zinaendana nako, muhimu daktari wa usingizi ajue unanyonyesha. Na kabla ya siku hiyo mzungumze wewe na mume wako kama wawili wanatosha au kuna wa tatu, maana jibu hilo ndilo linaloamua kama wavu uwekwe sasa au bado. Ukishafanyiwa omba karatasi ya maelezo ya oparesheni, iandikwe kama kuna wavu, wa aina gani, ukubwa gani, umewekwa juu ya misuli au nyuma yake. Watu wanaipuuza karatasi hiyo, halafu miaka mitano baadaye daktari mwingine anafungua tumbo hajui anakutana na nini.

Kabla hamjaanza kutafuta mtoto nataka uonane tena na daktari wa upasuaji, mara hii na mume wako, na ubebe ile picha ya ultrasaundi. Akupime ukiwa umesimama na ukiwa umelala, akuambie ukohoe, akuangalie na kinena pande zote mbili siyo kitovu tu. Muulize maswali matatu: je, ngiri yangu yote inarudi ndani, misuli yangu imeachana kwa kiasi gani, na je, kuna tundu lingine juu ya kitovu ambalo picha haikulitaja. Majibu yakiwa inarudi yote, kinena kiko safi na haikui, anzeni kutafuta mtoto mwaka huu bila wasiwasi. Akikuta kitu tofauti na ulichoniandikia, msikilize yeye maana ndiye aliyekugusa.